Kwa nini njano ya manjano hupotea na rangi ya gome la mkandaa hubaki

Kwenye maduka ya Usita wa Mui mjini Lamu, na kwenye vibanda vya Malindi, mitandio na foronya zenye kibandiko cha "rangi asilia" zimekuwa nyingi. Pamoja nazo yamekuja malalamiko. Mtandio wa njano uliong'aa dukani umepauka baada ya wiki mbili za jua. Mwingine umefuliwa kwa sabuni ya mche ukageuka mwekundu wa matofali. Muuzaji anamwambia mteja kwamba angeloweka kwa chumvi kwanza. Video fupi za simu zinasema dawa ni siki. Na wapo waliokwisha kata shauri kwamba rangi za mimea zote huchuja, ndivyo zilivyoumbwa.

Chumvi si dawa, siki si dawa, na rangi za mimea hazikuumbwa zichuje. Vitambaa vya kitani vilivyotolewa katika makaburi ya Misri vina zaidi ya miaka 3,000, vilitiwa rangi ya mizizi, na wekundu wake bado unaonekana. Tatizo la mitandio yetu ni kwamba kazi kubwa imerukwa. Kudumu kwa rangi nyingi huamuliwa kabla kitambaa hakijagusa maji ya rangi: huamuliwa na jinsi kilivyofuliwa, tanini (ukakasi wa magome na maganda) kiliyonyweshwa, na madini kiliyotiwa.

Kwanza tuyatenganishe mambo matatu ambayo watu huyaita kuchuja. La kwanza ndilo kuchuja hasa: rangi inatoka na maji na kuchafua nguo nyingine, kwa sababu haikushikana na nyuzi. La pili ni kupauka: rangi imeshika vizuri, lakini mwanga wa jua unaivunjavunja. La tatu ni kugeuka: rangi ingalipo pale pale, ila imebadilika sura kwa sababu imekutana na kitu kikali cha aina ya magadi au cha aina ya ndimu. Kila tatizo lina chanzo chake, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Manjano ya jikoni, ambayo wengine huiita binzari, inayaonyesha vizuri. Rangi yake hushika pamba moja kwa moja, bila kusaidiwa na chochote, ndiyo maana doa la mchuzi kwenye kanzu ni balaa. Kwa hiyo haichuji sana. Lakini jua huimaliza upesi, na hakuna madini yanayoikinga vya kutosha. Halafu ikiguswa na sabuni kali, magadi au chokaa hugeuka nyekundu, na ikikamuliwa ndimu hurudi njano. Jaribu kwenye kipande cha kitambaa, ni jambo la dakika moja. Anayeuza mtandio wa manjano anauza kitu kizuri cha muda mfupi, na ni haki mnunuzi aambiwe hivyo.

Pamba inavyoshika rangi

Nyuzi za pamba ni ngumu kushikana na rangi nyingi za mimea. Sufu, hariri, nywele, ngozi na kucha vimejengwa kwa protini, na protini ina sehemu nyingi za kuishika rangi. Hii ndiyo sababu hina hukaa kwenye kucha hadi kucha ikue iishe, lakini hina ile ile ukichemshia amerikani unapata rangi hafifu ya udongo inayoisha kwa mafuo machache. Hina ni nzuri, kitambaa ndicho kigeni kwake.

Ili pamba ishike rangi hizo inahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi ukila ndizi mbichi au ganda la komamanga, na unaoacha doa la chai ya rangi kwenye kikombe. Tanini hung'ang'ania pamba. Cha pili ni chumvichumvi ya madini, hasa shabu au chuma, ambayo hung'ang'ania tanini na papo hapo huikamata rangi. Rangi bila madini ni chombo kilichoegeshwa bila nanga: kikionekana kimetulia ni kwa sababu maji hayajavuta.

Chumvi ya mezani haina kazi hiyo. Kuna rangi za kiwandani ambazo chumvi huzisukuma ziingie kwenye nyuzi wakati wa kutia rangi, na pengine desturi ya kuloweka leso mpya kwenye chumvi inatokana na hapo. Lakini chumvi ikishasuuzwa imekwenda na maji, haikufunga chochote. Siki nayo huzisaidia rangi fulani za kiwandani kwenye sufu na hariri. Kwenye pamba haifungi rangi, na baadhi ya rangi za mimea huzigeuza tu. Siki tutaihitaji baadaye kwa kazi nyingine kabisa, ya kuyeyusha chuma.

Kitambaa kabla ya rangi

Hesabu zote hufanywa kwa uzito wa kitambaa kikavu. Tuchukue gramu 500, ambazo kwa amerikani ya kawaida ni kama mita tatu na nusu. Pima kwenye mizani ya duka, usikisie.

Hakikisha kwanza ni pamba kweli. Vitambaa vingi vinavyouzwa kwa jina la pamba vimechanganywa na poliesta, na poliesta haitashika rangi ya gome wala ya maganda ya kitunguu. Chomoa nyuzi chache uziwashe: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Kisha kufua. Amerikani mpya ina wanga wa kiwandani, na pamba yenyewe ina nta na mafuta yake. Tia kitambaa kwenye lita 15 za maji, gramu 20 za magadi na kijiko kikubwa cha sabuni ya unga, kichemke taratibu kwa saa moja. Maji yatatoka ya kahawia hata kama kitambaa kilionekana cheupe na safi. Suuza mpaka maji yawe maangavu, kisha dondosha tone la maji juu ya kitambaa kikavu. Likinyweka mara moja, endelea. Likikaa juu kama shanga, rudia kuchemsha. Mabaka mengi yanayolaumiwa kwenye rangi ni wanga uliobaki hapa.

Maji nayo yana neno. Visima vingi vya pwani vina chumvi na chokaa, na baadhi vina chuma ambacho kitaitia kiwi njano yoyote kabla hujaanza. Maji ya mvua ya kwenye jabia ndiyo bora kwa hatua za tanini na rangi. Maji ya kisima yatoshe kwa kufua na suuzo la kwanza.

Gome: la wapi, na kiasi gani

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na gome la mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, na la mkoko wenyewe ni miongoni mwa magome yenye tanini nyingi zaidi yajulikanayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 gome la Lamu lilisafirishwa ng'ambo kwenda kwenye viwanda vya ngozi. Kabla ya nailoni, wavuvi katika pwani nyingi za dunia walichemsha nyavu na tanga zao za pamba ndani ya magome ya namna hii ili zisioze. Hii ndiyo malighafi yetu kubwa, na ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa.

Mti wa mkoko ukibanduliwa gome kuuzunguka shina hufa. Hakuna namna ya kulibandua gome la mti uliosimama kwa uzima ikawa kazi ya "asilia" ya kujivunia. Ukataji wenyewe unahitaji kibali cha idara ya misitu, na mwaka 2018 Serikali ilipositisha ukataji katika misitu ya umma, wakataji wa Lamu nao walisimama. Gome la kutumia ni lile linalobaki baada ya boriti zilizokatwa kihalali kuambuliwa. Mafundi wa dari huziambua boriti kwa sababu wadudu hujificha chini ya gome, na maganda hayo huishia kuwa takataka au kuni. Muombe fundi akuwekee gunia. Yaliyokauka kivulini hukaa miezi mingi bila kuharibika. Yaliyolala kwenye maji ya bahari yamekwisha toa tanini yake nyingi, hayafai.

Kwa gramu 500 za kitambaa chukua gramu 500 za gome kavu, livunje vipande vya ukubwa wa kidole gumba, liloweke usiku kucha kwenye lita 10 za maji. Asubuhi lichemshe polepole kwa saa moja na nusu, chuja kwa kitambaa, ongeza maji yafike lita 15. Sufuria iwe ya chuma cha pua au alumini isiyochubuka. Karai la chuma litageuza kila kitu kuwa cheusi. Tia kitambaa kikiwa kimelowa, kiwe na nafasi ya kugeuzwa, moto mdogo kwa saa moja, ukikipindua kila dakika chache. Zima, kiache humo mpaka kesho yake.

Rangi itakayotoka ni ya kahawia yenye wekundu, kati ya chai na tofali. Hapa ndipo gome linapoizidi manjano kwa mbali: tanini ya aina hii haipauki upesi, mara nyingi jua huikoleza wekundu. Ukiridhika na rangi hiyo, shabu bado inafaa ili iwe imara zaidi kwenye kufuliwa.

Shabu ya mawe inapatikana kwa wauza dawa za miti shamba na maduka yanayouza ya kunyolea. Saga gramu 75, yeyusha kwenye maji ya moto. Yeyusha gramu 10 za magadi kwenye kikombe kingine. Mimina magadi ndani ya shabu kidogo kidogo, kwenye ndoo kubwa, maana povu litapanda. Povu likiisha ongeza maji ya vuguvugu mpaka kitambaa kizame kikiwa huru, kiloweke kwa muda usiopungua saa mbili, hata usiku kucha. Magadi ndiyo yanayopunguza ukali wa shabu ili ikae kwenye pamba. Wengi hutumia shabu peke yake, wakifuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya sufu, kisha wanashangaa rangi ikiondoka. Ukiona maji yamekuwa kama maziwa mazito magadi yalizidi, na madini yameganda kwenye maji badala ya kuingia kwenye nyuzi.

Ukitaka njano safi usitumie gome la mikoko, kwa sababu wekundu wake utaifunika. Tumia maganda makavu ya komamanga, gramu 150 kwa kitambaa kile kile: tanini yake ni ya njano hafifu. Baada ya shabu, chemshia maganda ya vitunguu, angalau nusu ya uzito wa kitambaa. Ni mengi kuliko mtu anavyodhani, gunia dogo zima, lakini wauza mboga sokoni huyatupa kila jioni. Vitunguu vyetu vyekundu hutoa dhahabu iliyofifia yenye kuelekea kahawia, si waridi kama maganda yenyewe yanavyoahidi. Haidumu juani kama gome, lakini inaiacha manjano mbali.

Kutu, muhuri na tope

Sasa sehemu inayofurahisha kuliko zote. Tanini ikikutana na chuma huwa nyeusi papo hapo, na hili ndilo linalokuwezesha kuchora juu ya kitambaa bila rangi ya dukani.

Jaza nusu chupa misumari yenye kutu, ile mikongwe ya majahazi inafaa sana, mimina siki kiasi cha theluthi na maji theluthi mbili, usikaze kifuniko kwa sababu hewa hutoka ndani. Baada ya wiki moja hadi mbili maji yatakuwa ya chungwa au ya kahawia. Chuja.

Kubadilisha kitambaa kizima kilichotoka kwenye gome, tia kikombe kimoja, mililita 250, kwenye lita 15 za maji baridi, zamisha kitambaa dakika tano hadi kumi ukikigeuza bila kuacha. Kitakwenda kijivu, kisha kahawia nzito inayokaribia weusi. Kitoe, kipate hewa, suuza. Tamaa ya weusi zaidi hushughulikiwa kwa kurudi kwenye gome halafu tena kwenye chuma, si kwa kuongeza chuma. Chuma kinachozidi huila pamba taratibu: kitambaa kinakaa vizuri mwaka wa kwanza, halafu kinachanika kwenye mikunjo kama karatasi ya zamani. Huu ni ukweli ambao wauzaji wengi wa vitambaa vya kutu hawausemi, na unapaswa kusemwa.

Kwa kuchapa, pika uji mzito wa unga wa muhogo, uache upoe, uchanganye na maji ya kutu kwa kiasi sawa. Muhuri unaweza kuwa kipande cha mbao kilichochongwa na fundi wa nakshi. Mwambie achimbe angalau milimita 5, la sivyo uji utajaa mifereji na ua litatoka donge. Paka uji kwenye sifongo bapa, gusisha muhuri hapo, kisha kwenye kitambaa kilichotandikwa juu ya blanketi lililokunjwa. Mchoro huonekana mbele ya macho yako, mweusi juu ya kahawia.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi zaidi ni suuzo. Mtu anachapa vizuri, anasuuza kwenye beseni dogo, na kitambaa kizima kinakuwa kijivu cha moshi. Sababu ni kwamba tanini iliyolegea kwenye kitambaa na chuma kilicholegea kwenye uji vimekutana ndani ya maji na kutua kila mahali. Kwa hiyo suuza kitambaa sawasawa baada ya gome na ukikaushe kabla ya kuchapa. Baada ya kuchapa acha uji ukauke, kisha suuza kwenye maji mengi yanayokwenda, na suuzo la mwisho litiwe kijiko kimoja cha magadi kwa ndoo ili kuua ukali wa siki. Usisuuzie baharini, maana chumvi inayobaki huendeleza kutu, na madoa ya chungwa yatazuka siku usizoyataka.

Njia ya kufunga misumari au minyororo yenye kutu ndani ya kitambaa kilicholoweshwa kwa siki na maji pia hufanya kazi. Kwenye kitambaa kisicho na tanini unapata chungwa na kahawia zisizojali jua, na kwenye chenye tanini unapata weusi. Saa 24 zinatosha.

Linaloulizwa sana Lamu ni tope la mikokoni: mbona lile jeusi lisitumike lenyewe? Mafundi wa Mali hupaka tope juu ya kitambaa kilichonyweshwa tanini, na kazi zao zinajulikana dunia nzima. Lakini kinachofanya kazi pale si weusi wa tope, ni chuma kilichomo, na tope lao huvundikwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Weusi wa tope letu unatokana na chuma kilichofungamana na salfa mahali pasipo na hewa, ndiyo ile harufu ya yai viza. Likipata hewa, weusi huo hugeuka kahawia na kuondoka na maji. Kwenye kitambaa kisicho na tanini litaacha uchafu tu. Anayetaka kulijaribu alisuuze chumvi kwanza mara kadhaa kwa maji matamu, alipake juu ya kitambaa kilichotoka kwenye gome, na afanye kipande kidogo kabla ya kitambaa kizima, kwa sababu kiasi cha chuma hutofautiana kutoka mkondo hadi mkondo.

Asilia haina maana ya salama

Mrututu, ile shaba ya buluu ambayo video nyingi hupendekeza kwa ajili ya kijani, ni sumu kwa samaki na kwa watoto. Mtu anayefanyia kazi uani karibu na mfereji unaoingia baharini aiache kabisa. Maganda ya korosho, ambayo Malindi hayakosi, yana mafuta yanayobabua ngozi hadi malengelenge, na kuyachemsha huyapeleka mafuta hayo kwenye mvuke. Piko inayouzwa kama hina nyeusi mara nyingi ina kemikali ya rangi ya nywele iliyounguza watu wengi mikono. Hina ya kweli haina weusi huo. Sufuria ya kazi isirudi jikoni, hata kama ilichemsha maganda ya vitunguu peke yake, kwa kuwa kesho itachemsha shabu.

Na nili ya dukani, ya kung'arishia nguo nyeupe, haiwezi kukupa kitambaa cha buluu. Imetengenezwa iondoke na suuzo. Buluu ya mmea wa nili hutoka kwenye pipa lililonyimwa hewa, haihitaji shabu wala tanini, na ni somo la peke yake.

Kabla ya kuuza, kata vipande vitatu vya kila rangi. Kimoja kifunike nusu kwa kadibodi ukiweke juani wiki mbili. Kimoja kifue mara tano kwa sabuni ile ile ambayo mteja atatumia. Kimoja kisugue kikiwa kibichi kwa kitambaa cheupe. Matokeo ndiyo yaandikwe kwenye kibandiko, pamoja na majina ya vitu vilivyotumika: gome la boriti, shabu, chuma, fua kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, usitie ndimu wala dawa ya madoa, anika kivulini. Kama ni manjano, andika kwamba itapauka, na bei iendane na hilo.